Nani Aliulizwa? Tanga na pwani ya kaskazini katika vita vya mataifa, 1888–1979

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox iliingia bandari ya Tanga. Nahodha wake, Francis Caulfeild, alimwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Dkt. Auracher, akamtaka ausalimishe mji. Alimweleza kuwa mapatano ya kutopigana yaliyofikiwa mwezi Agosti hayakuidhinishwa na wakubwa wa London. Auracher aliomba muda wa kushauriana na wakubwa wake, akarudi nchi kavu, akavaa sare ya jeshi, na habari ikapigwa kwa simu hadi bara. Watu wawili walizungumza kwa niaba ya dola mbili. Wavuvi, makuli wa bandari, vibarua wa reli, wenye maduka wa Kihindi na wanafunzi wa shule ya serikali, yaani mji wenyewe, hawakuwa na mjumbe.

Katika vitabu vyetu vya historia, swali la kwa nini mataifa hupigana huwa na sura yake, na swali la vita vilifanya nini nyumbani huwa na sura nyingine, fupi zaidi. La kwanza hujibiwa kwa majina ya wafalme, mikataba na masoko ya Ulaya. La pili kwa njaa na vifo. Nadai kwamba kwa pwani ya Tanga maswali haya mawili ni swali moja. Dola haiwezi kupigana bila kwanza kuchukua kitu kwa watu wake au kwa watu inaowatawala: mabega, chakula, reli, fedha, miaka ya ujana. Jinsi inavyochukua, kwa kuomba au kwa kukamata, hutuonyesha sababu ya vita ni ya nani hasa. Kwa hiyo hata ile methali ya tembo na nyasi, ambayo hurudiwa kila vita vinapotajwa, hainitoshelezi. Nyasi hukanyagwa tu. Watu wa Tanga walivibeba vita, na bila wao visingetembea hata siku moja.

Tuanze kabla ya 1914. Mnamo Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani na kushika ushuru wa forodha uliokuwa mikononi mwa maliwali wa Sultani wa Zanzibar. Watu wa mrima walikuwa na sababu yao, nayo ilikuwa wazi: biashara, heshima ya mji, na nani ana haki ya kutoza. Abushiri bin Salim aliongoza upinzani Pangani, na Bwana Heri huko Saadani. Kampuni ilishindwa, ikaomba serikali iiokoe. Lakini Bismarck hakuweza kuliambia bunge lake litoe fedha za kunusuru hesabu za wafanyabiashara. Alisema zinatakiwa kukomesha biashara ya watumwa, na Januari 1889 bunge likaidhinisha marki milioni 2. Hermann von Wissmann alizitumia kuajiri askari wa Kisudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji. Pangani na Tanga zilitekwa Julai mwaka huo, na Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Sababu iliyosemwa bungeni na sababu iliyopigania forodha hazikuwa moja, na pengo hilo halikuwa bahati mbaya. Dola inayotaka fedha za watu wake hulazimika kuwapa sababu wanayoweza kuikubali. Wale wanaopigwa hawapewi sababu yoyote.

Sasa turudi 1914. Ni kawaida kueleza kuwa makoloni yaliingia vitani kwa sababu Ulaya iliingia vitani, kana kwamba moto uliruka wenyewe kutoka paa hadi paa. Maelezo hayo yanaficha maamuzi ya watu. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulitoa nafasi ya kuliweka bonde la Kongo, ambalo kwa mujibu wake lilifika hadi pwani yetu, nje ya vita vya Ulaya. Gavana Heinrich Schnee aliitaka nafasi hiyo. Kumbukumbu ya Majimaji ilikuwa haijafikisha miaka 10, na alihofia kuwa vita kati ya Wazungu vingewafungulia wananchi mlango wa kuasi tena. Ndiyo maana aliyaunga mkono mapatano ya Agosti yaliyoiacha Tanga bila ulinzi. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alitaka kinyume chake. Yeye alijua koloni haliwezi kushinda vita. Lengo lake lilikuwa kuwafunga hapa wanajeshi wengi wa Kiingereza kadiri iwezekanavyo, wasipelekwe Ulaya. Kwa maneno mengine, nchi nzima iligeuzwa chombo cha kupunguza mzigo wa jeshi la Ujerumani huko Ufaransa. Uamuzi ukiwekwa hivyo, maisha ya mkulima wa Bonde hayawezi kuwa na thamani yake yenyewe ndani ya hesabu hiyo.

Mapigano ya Tanga yenyewe yamesimuliwa sana. Jeshi la takriban watu 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken, liliteremka Ras Kasone na kupoteza zaidi ya watu 800 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea, mbele ya watetezi wapatao 1,000. Nyuki waliofukuzwa mizingani kwa risasi wamepata umaarufu kuliko binadamu wengi waliokuwapo. Mimi ningependa tuitazame reli. Njia ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, ilijengwa ili kuteremsha mazao. Katika siku mbili iliteremsha majeshi. Mji uliounganishwa na bara kwa ajili ya mkonge na kahawa ukawa mji unaostahili kushambuliwa kwa sababu hiyo hiyo.

Mwezi Januari 1915 palifuata mapigano ya Jasini, karibu na Vanga. Wajerumani walishinda tena, lakini walipoteza maofisa wengi na risasi zisizoweza kurudishwa. Lettow-Vorbeck aliamua kuwa hawezi kumudu ushindi wa namna hiyo. Tangu hapo alikwepa mapambano makubwa na kuchagua vita vya kuvizia na kuhama. Wanafunzi wa mbinu za kijeshi humsifu kwa uamuzi huo. Sisi tuna haki ya kuuhesabu kwa njia nyingine: jeshi linalohama hula chakula cha kila kijiji linakopita, na hubebwa. Uhaba wa risasi Jasini ulilipwa kwa mahindi na mabega ya watu kwa miaka karibu minne, hadi jeshi hilo liliposalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918.

Pwani ya kaskazini iliona mabadiliko hayo mapema. Bahari ilipofungwa na manowari za Kiingereza, nchi ilibidi ijitengenezee vitu vyake. Taasisi ya utafiti ya Amani, iliyoanzishwa 1902 kwa ajili ya kilimo, iligeukia kutengeneza dawa ya malaria kutokana na magome ya mkwinini. Meli ya shehena iliyotumwa kutoka Ujerumani ilishambuliwa katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi Aprili 1915, na shehena ya bunduki na risasi ikaokolewa majini na kubebwa kwa mikono. Reli za mashambani ziling'olewa, zikatandikwa upya kutoka Mombo hadi Handeni ili vigari visukumwe na watu, na mbele ya Handeni maelfu ya wapagazi waliendeleza safari kuelekea Reli ya Kati. Walimu wa Kiafrika wa misheni ya Kianglikana huko Bonde walikamatwa kwa kushukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, wakapelekwa vizuizini bara. Kosa lao lilikuwa kusoma katika shule za taifa ambalo sasa lilikuwa adui.

Waingereza waliiteka Tanga tarehe 7 Julai 1916, na ukamataji ukabadilisha mkono tu. Upande wao walitumia wapagazi wapatao milioni 1 katika Afrika Mashariki, na makadirio ya waliokufa yanakaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na tumbo la mtu aliyezoea wali au ndizi likiharibiwa na unga wa mahindi usioiva. Sehemu kubwa ya mishahara ya waliokufa haikuwafikia warithi. Siwezi kuwaweka askari wa kulipwa katika fungu hilo bila kufafanua. Askari wengi wa jeshi la Kijerumani waliichagua kazi ile, ujira wao ulizidi sana wa kibarua wa shamba, na walikuwa na wake, watumishi na cheo cha kutetea. Sababu yao ilikuwa riziki na hadhi, nayo ni sababu ya kweli. Lakini mpagazi aliyefungwa kamba shingoni pamoja na wenzake hakuwa na sababu yoyote.

Yaliyofuata vita yana sura mbili, na ya pili hutajwa kidogo mno. Ya kwanza ni njaa na homa kuu ya 1918 na 1919. Ya pili ilizaliwa ofisini. Waingereza walikuta Tanga kizazi cha makarani na walimu waliofundishwa kusoma na kuandika Kiswahili, wengine wakiwa wametoka katika shule ya serikali iliyokuwa ikichapa gazeti la Kiongozi. Martin Kayamba, Mbondei aliyekuwa amefungwa na Wajerumani Tabora wakati wa vita, aliingia katika utumishi wa Waingereza Tanga. Mwaka 1922 yeye na wenzake walianzisha hapo chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika, wakiwaweka pamoja Waislamu na Wakristo. Kilikuwa chama cha watu wenye suruali zilizopigwa pasi, na madai yake yalikuwa ya adabu. Hata hivyo watu hawa walikuwa wameona dola moja ikiondolewa na nyingine ikiingia katika muda wa miaka miwili. Baada ya kuona hivyo, ni vigumu kuamini kuwa utawala wowote umeumbwa na Mungu ukae milele. Kutoka kwao njia inaelekea African Association ya 1929, na hatimaye TANU ya 1954.

Vita vya pili vya dunia vilirudia ukamataji kwa karatasi safi zaidi. Japani ilipotwaa Ufilipino na Java mwaka 1942, mataifa washirika yalikosa nyuzi za kamba, na mkonge wa Tanga ukawa mali ya vita. Serikali ililazimisha watu kwenda mashambani, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU. Manamba, yaani vibarua hao wa mkonge, waliotoka Songea, Kigoma na Ruanda-Urundi waliubadilisha Mkoa wa Tanga kwa lugha, ngoma na ndoa kuliko risasi yoyote ya 1914. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alivitungia vita hivyo utenzi mrefu na kuviita vya uhuru. Sioni kuwa alidanganyika. Alichukua neno ambalo watawala walilitumia dhidi ya Hitler, akaliweka katika Kiswahili, mahali ambapo lingeweza kudaiwa siku moja. Vita vya Korea navyo vilipandisha bei ya mkonge hadi kilele mwaka 1951, na fedha zikajaa mashambani kwa sababu ya mauaji ambayo hakuna aliyeyaona hapa.

Mwaka 1978 ulikuwa tofauti. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kuwa sababu ya kumpiga ipo, nia ipo na uwezo upo. Kwa mara ya kwanza katika historia hii, aliyetaka mabega ya watu wa Tanga alianza kwa kueleza sababu, kwa lugha yao, na walimwelewa. Vijana walijitokeza, mgambo wakaandikishwa, malori na mabasi yakatolewa. Kampala ilitekwa Aprili 1979. Gharama hukadiriwa kuwa dola milioni 500, na wananchi wakaombwa kufunga mkanda kwa miezi 18.

Miezi hiyo ilirefuka. Sukari, sabuni na vitenge vilipotea madukani. Haitakuwa haki kuvibebesha vita lawama yote: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, bei ya kahawa ilishuka, mafuta yalipanda. Kwa pwani ya kaskazini palikuwa na jambo la ziada, kwani mpaka wa Kenya ulifungwa 1977 na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Horohoro, pale mpakani, iliyokuwa njia ya jamaa na biashara ikawa njia ya magendo, na majahazi yalipita usiku kati ya vijiji vya Mkinga na Vanga. Kampeni ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, mwaka 1983, iliwakuta watu ambao miaka minne tu nyuma walikuwa wamechangia vita kwa moyo. Wengine walihesabiwa wahalifu kwa magunia ya bidhaa ambazo duka la serikali halikuwa nazo.

Hapa tofauti kati ya 1914 na 1978 inaonekana vizuri. Mpagazi wa kukamatwa hakuidai dola chochote zaidi ya ujira wake, maana haikuwa imemwahidi kingine. Raia aliyeombwa, akakubali, anadai. Ndiyo maana lawama za miaka ya themanini zilisemwa kwa uchungu wa mtu aliyekopesha, na ndiyo maana mabadiliko ya siasa ya uchumi baada ya 1985 hayaelezeki kwa masharti ya wakopeshaji wa nje peke yao. Waliopigana Kagera na walionunua sabuni kwa foleni bado wapo Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga, na umri wao umekwenda. Mtafiti atakayewafuata asiishie kuuliza walipigana wapi. Awaulize pia waliambiwa nini kabla ya kwenda, nyumbani nani alilima shamba lao, na walipewa nini waliporudi.