Asusa, kushushia na kuoanisha: msamiati wa bia na nyama ya kuchoma, Shinyanga na Geita

Mfasiri anayekabidhiwa orodha ya vyakula vya hoteli ya Geita au Kahama, au makala ya kigeni yanayoshauri bia ipi inywewe pamoja na nyama ipi, hukwama mapema: neno la Kiingereza pairing halina kisawe kimoja cha Kiswahili. Sababu si upungufu wa lugha. Kiswahili kina maneno kadhaa ya uhusiano huo, na kila neno hubainisha ni kipi kati ya chakula na kinywaji kinachokitumikia kingine. Makala haya yanayatenganisha maneno hayo, yanaeleza istilahi za bia, za upishi wa motoni na za ladha, kisha yanatoa mapendekezo ya matumizi kwa mifano ya ukanda wa dhahabu.

1. Kipi kinatumikia kipi

asusa nm [i-/zi-]: kitafunwa kiliwacho pamoja na kileo, au kidogo kabla ya mlo. Hapa kinywaji ndicho kikuu. Chakula kimeletwa kwa ajili yake. Mfano: Waliagiza bia nne, na firigisi za kuchoma kuwa asusa.

kitoweo nm [ki-/vi-]: nyama, samaki, maharage au mboga inayoliwa pamoja na ugali, wali au ndizi. Kitoweo hakihusiani na kileo. Mfano: Leo kitoweo ni sato wa kuchoma.

shushia kt: kunywa kitu ili kuteremsha chakula. Hapa chakula ndicho kikuu. Kinywaji ni msaidizi. Mfano: Alikula nusu kilo ya mbuzi, akashushia bia moja.

oanisha kt: kuweka vitu viwili pamoja kwa sababu vinafaana. Neno hili halimpi yeyote ukubwa, nalo ndilo lililo karibu zaidi na dhana ya kigeni. Mfano: Mpishi alioanisha bia nyeusi na mbavu za ng'ombe.

Mbavu zilezile za mbuzi huwa kitoweo zinapoliwa mchana kwa ugali, na huwa asusa zinapowekwa jioni katikati ya chupa. Kwa hiyo mfasiri asitafute neno kabla ya kuuliza swali: je, mwandishi anazungumzia chakula kinachopambwa kwa bia, au bia inayopambwa kwa chakula? Katika makala ya upishi, kuoanisha na kuendana (bia inayoendana na samaki) yanafaa. Katika mazungumzo ya baa, asusa na kushushia ndiyo yenye uhai. Kulinganisha kuepukwe, kwa maana msomaji atadhani vitu viwili vinapimwa ili kujua kipi ni bora.

2. Pombe, bia na bia ya kiwanda kidogo

Pombe ni neno la jumla la kinywaji kinacholevya. Huingia humo mbege ya ndizi na ulezi ya Kilimanjaro, rubisi ya ndizi ya Kagera, ulanzi wa mianzi wa Iringa, tembo la mnazi la pwani na wanzuki wa asali. Bia, neno lililotoka Kiingereza, lina maana mbili zinazopaswa kutenganishwa.

Maana ya kiufundi ni kinywaji kilichochachushwa kutokana na kimea, yaani nafaka iliyolowekwa, ikaoteshwa, kisha ikakaushwa ili wanga wake ugeuke sukari kwa urahisi. Kwa maana hii ulanzi, tembo na wanzuki si bia, kwa kuwa havitokani na kimea. Lakini pombe ya mtama ipikwayo vijijini Usukumani ni bia halisi. Mama anayeotesha mtama, akaanika kimea juani, akasaga, akapika na kuchachusha, anapita hatua zilezile za msingi anazopita mtaalamu wa kiwandani.

Maana ya kijamii ni nyingine: bia ni kinywaji cha chupa kutoka kiwandani, nacho huuzwa baa au grosari, pombe, likitajwa peke yake katika mazungumzo, mara nyingi humaanisha kile kiuzwacho kilabuni. Sheria ya Vileo ya 1968 nayo hutenga leseni za pombe za kienyeji na za vileo vingine. Historia imechangia. Kampuni ya bia ya Tanganyika ilianza Dar es Salaam mwaka 1933, miaka kumi na mmoja baada ya ile ya Kenya ya 1922, na tangu hapo neno la kigeni limebeba heshima ya chupa, lebo na bei. Hata hivyo, wenye viwanda wenyewe hurudi kwa wenyeji wanapotafuta jina: Balimi, bia iliyolengwa Kanda ya Ziwa, imeitwa kwa neno la lugha za huko lenye maana ya wakulima.

Hapa ndipo tafsiri ya craft beer inapokuwa na uzito. Dhana hiyo humaanisha bia ya kiwanda kidogo kinachojitegemea, chenye kuchagua kimea, hopsi na hamira kwa ajili ya ladha fulani. Viwanda vya namna hiyo vipo katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki: Crafty Dee's jijini Dar es Salaam, Bateleur na 254 jijini Nairobi, Banange jijini Kampala. Tafsiri zinazopendekezwa na watumiaji ni hizi:

- bia ya ufundi: inaeleweka, lakini inadokeza kuwa bia nyingine hazina ufundi, jambo lisilo kweli.
- bia ya mikono: inapotosha, kwa kuwa viwanda hivi hutumia mitambo.
- bia ya kienyeji: haifai. Msomaji atatazamia kinywaji kizito chenye machicha, kichachu, kinachonywewa ndani ya siku chache baada ya kupikwa.
- bia ya kiwanda kidogo: ndiyo tunayoipendekeza. Inaeleza jambo lenyewe bila kumsifu wala kumdharau yeyote.

Kinyume chake pia kizingatiwe. Anayetafsiri kutoka Kiswahili asiiite pombe ya mtama kwa jina la kudunisha, kana kwamba ni jaribio la bia lililoshindwa. Aandike bia ya mtama, au abakize jina lake na kulieleza. Neno moja katika ripoti ya afya, ya kodi au ya utalii laweza kuamua kama mpishi wake ataonekana mzalishaji au msumbufu.

3. Choma, banika, oka, rosti

Choma lina maana nyingi: kuunguza, kudunga na kuivisha kwenye moto bila chungu. Nyama choma ni muundo wa mazungumzo ulioenea Kenya na Tanzania. Katika maandishi rasmi huandikwa nyama ya kuchoma, au nyama iliyochomwa pale ambapo ni lazima kutofautisha iliyoiva na ile inayosubiri moto.

Banika ni kuivisha au kukausha taratibu juu ya moto, kitu kikiwa kimebanwa kwenye kijiti au kimelazwa juu ya uchanja. Uchanja ni kitanda cha fito cha kukaushia samaki au nyama. Neno barbecue nalo limetoka kwa watu wa Karibi kupitia Kihispania, likiwa jina la jukwaa la miti kama hilo. Kwa hiyo, pale ambapo matini ya kigeni inasisitiza moto mdogo, moshi na saa nyingi, kubanika ni sahihi kuliko kuchoma; inaposisitiza makaa makali na dakika chache, kuchoma kunatosha.

Oka ni kuivisha kwa joto lililozingira kitu, kama mkate katika tanuri.

Rosti ni mtego. Ingawa limetokana na neno la Kiingereza roast, katika mikahawa ya Tanzania rosti ni nyama yenye mchuzi mzito wa nyanya na vitunguu. Atakayeandika mbuzi rosti akikusudia mbuzi wa makaa atamletea mteja sahani nyingine kabisa.

Mishikaki haihitaji tafsiri: ni vipande vya nyama vilivyotungwa kwenye kijiti. Neno na chakula chake vinajulikana pia Omani.

4. Istilahi za ladha

Uchungu ni ladha ya hopsi, ya kahawa na ya kimea kilichokaangwa sana. Usichanganywe na ukali, ambao katika bia humaanisha nguvu ya kileo. Safari, yenye kileo cha asilimia 5.5, ni kali kuliko Kilimanjaro yenye asilimia 4.5, uchungu ni kipimo kingine. Uchachu ni ladha ya ndimu, ya maziwa ya mgando na ya bia ya mtama. Kuwasha ni kazi ya pilipili.

Kinai kt: kutosheka na kitu, hasa chenye mafuta au sukari, hadi kisitamanike tena. Kitenzi hiki kinafupisha sababu kuu ya kuweka bia karibu na nyama: mafuta hukinaisha, gesi, uchungu na uchachu huondoa kinaa na kuurudishia ulimi hamu ya tonge linalofuata.

5. Mapendekezo ya kuoanisha

Ng'ombe wa kuchoma. Ng'ombe wa Usukumani, waliokulia malishoni na wanaouzwa minadani, huwa na nyama iliyokaza na yenye ladha nzito. Rangi ya kahawia ya nyama iliyochomwa hutokana na mmenyuko ulioelezwa na mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912, baina ya sukari na vijenzi vya protini. Mmenyuko huohuo hutokea kimea kinapokaangwa. Ndiyo maana bia nyeusi huendana vyema na nyama ya ng'ombe iliyoshika rangi.

Mbavu za mbuzi. Mafuta yake huganda upesi mdomoni na kukinaisha. Bia ya mtama, kwa uchachu wake, hufanya kazi ya ndimu. Kwa bia ya chupa, ichaguliwe yenye gesi nyingi na uchungu ulio wazi.

Sato wa kuchoma. Samaki huyu wa Ziwa Viktoria ana ladha pole. Bia nyepesi humwacha asikike. Bia nyeusi humfunika.

Chochote chenye pilipili nyingi. Kiini cha pilipili, kapsaisini, huyeyuka vibaya katika maji. Kileo nacho huongeza hisia ya kuwashwa, na uchungu wa hopsi huizidisha. Ichaguliwe bia isiyo kali, yenye utamu wa kimea.

Kitimoto. Ni jina la mtaani la nyama ya nguruwe. Ikichomwa ikawa kavu, utamu wake huitika kwa bia nyeusi yenye utamu kidogo. Ikiwa rosti, bia nyepesi hutosha. Katika orodha rasmi iandikwe nyama ya nguruwe waziwazi, kwa kuwa mteja Mwislamu au Msabato ana haki ya kujua bila kuuliza.

6. Mitego mingine

Bia ya moto si bia iliyochemshwa, ni bia ambayo haikuwekwa kwenye friji. Mhudumu anapouliza, "Ya moto au ya baridi?", anauliza jambo lenye maana kwa ladha pia: baridi kali hupunguza harufu na utamu wa bia.

Nusu na robo, zikitajwa mbele ya jiko la nyama, ni vipimo vya kilo. "Dada, naomba Balimi mbili za moto na nusu ya mbuzi" ni agizo kamili: si nusu ya mnyama.

Kiroba ni mfuko mdogo. Katika Tanzania viroba pia vilikuwa vifuko vya plastiki vya pombe kali, vilivyopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Matini ya kabla ya tarehe hiyo inayotaja viroba machimboni isitafsiriwe kuwa magunia, mpaka muktadha uthibitishe.

Kula bia halihusiani na chupa. Bia hii ya pili ni neno la zamani lenye maana ya kuchangiana gharama, na kwalo tumepata mbia na ubia. Katika ukanda wa dhahabu maneno yote mawili yana kazi: wachimbaji wadogo huingia ubia katika duara moja, na kampuni ya Twiga, ambamo serikali ina hisa za asilimia 16, ni kampuni ya ubia. Wachimbaji watano wakichanga fedha za nyama, wamekula bia hata kama wameshushia soda. Kivumishi -a bia chaweza basi kutafsiri sinia la pamoja: sinia la bia ni sinia la wote. Lakini katika orodha ya baa liandikwe sinia la pamoja, wateja wasije wakasubiri chupa.

Kwa ufupi: tumia asusa pale kinywaji kinapotangulia, kushushia pale chakula kinapotangulia, na kuoanisha pale vyote viwili vimechaguliwa kwa ajili ya kufaana. Andika bia ya kiwanda kidogo kwa bia mpya za mijini, na bia ya mtama kwa ile iliyokuwako kabla ya chupa.