Filta ya pili ya oili kwenye pikapu ya dizeli: inafanya nini na inafungwaje

Msimu wa mavuno pikapu moja kijijini hufanya kazi ya magari matatu. Asubuhi inabeba mahindi, mchana inarudi na saruji, usiku inaweza kuamshwa kumpeleka mgonjwa hospitali. Injini yake ikifa, anayeumia si mwenye gari peke yake.

Ndiyo maana wamiliki wengi huvutiwa wanapoambiwa kwamba filta ya pili ya oili huongeza maisha ya injini. Katika makala haya tunaeleza inavyofanya kazi, inavyofungwa na nani anaihitaji. Jambo moja tuliseme mapema: filta hii husafisha oili, lakini haiifanyi oili kuwa mpya. Na ikifungwa vibaya, inaweza kuua injini ileile uliyotaka kuilinda.

Filta ya kawaida inaishia wapi

Oili hukaa kwenye sampo, yaani bakuli lililo chini ya injini. Pampu huivuta kutoka humo, huisukuma ipite kwenye filta, kisha huipeleka kwenye beringi na sehemu nyingine zinazosuguana. Kwa kuwa oili yote lazima ipite hapo kwa haraka, karatasi ya filta haiwezi kuwa nzito sana. Ingekuwa nzito, oili ingechelewa kufika na beringi zingekaa kavu.

Kwa hiyo filta ya kawaida hukamata uchafu mkubwa na kuuachia mdogo. Uchafu huo hupimwa kwa mikroni, na milimita 1 ina mikroni 1,000. Unywele wa mtu una unene wa takriban mikroni 70. Filta nyingi za kawaida hupitisha chembe nyingi zilizo chini ya mikroni 20. Chembe hizo huwezi kuziona kwa macho, lakini utando wa oili ndani ya beringi huwa na unene wa mikroni chache tu. Chembe yenye ukubwa unaolingana na utando huo hufanya kazi ya msasa.

Injini ya dizeli ina tatizo jingine: masizi. Dizeli inapoungua hutoa masizi, na baadhi huingia kwenye oili. Punje moja ni ndogo mno, lakini punje hushikana zikawa mabonge, na mabonge hayo huchangia kuisaga injini.

Filta ya pili hufanya nini

Filta ya pili haikai kwenye njia kuu ya oili. Inakaa pembeni. Mpira mwembamba huchukua oili kidogo yenye presha, huipitisha kwenye filta nzito sana, kisha mpira mwingine huirudisha kwenye sampo. Oili nyingine yote huendelea na safari yake kama kawaida. Kwa kuwa hakuna beringi inayosubiri oili hii ya pembeni, filta inaweza kuwa nzito na kukamata chembe za mikroni chache.

Tuchukue mfano. Injini ina lita 8 za oili, na filta ya pembeni inapitisha lita 1 kwa dakika. Kwa saa moja zimepita lita 60, sawa na kuizungusha oili yote zaidi ya mara 7. Ndiyo maana kidogo kidogo kinatosha.

Wazo hili si geni. Mwaka 1923 Mmarekani Ernest Sweetland alitengeneza filta ya oili ya gari iliyopewa jina la Purolator. Filta nyingi za enzi hizo zilichuja sehemu tu ya oili, kama filta ya pembeni ya leo. Mpango wa kuchuja oili yote ulienea baadaye.

Anza na filta ya hewa

Kabla ya kununua chochote, fungua mpira mpana unaotoka kwenye filta ya hewa kwenda kwenye injini. Pitisha kidole ndani, upande ulio baada ya filta. Ukikuta vumbi, hapo ndipo tatizo lilipo. Filta imechanika, haikai vizuri, au mpira una ufa. Injini inayovuta vumbi la kiangazi kwa namna hiyo haiokolewi na filta ya oili ya aina yoyote.

Vilevile, injini inayotoa moshi wa bluu na kula oili imeshachakaa. Filta ya pili haitarudisha kilichokwisha kulika.

Kama gari ni jipya na bado lina dhamana, muulize kwanza aliyekuuzia. Kubadilisha mfumo wa oili kunaweza kuleta ubishi siku ukidai dhamana.

Vifaa vinavyohitajika

Seti kamili huwa na nyumba ya filta, filta yenyewe, mipira miwili, viungio na kibanio cha kushikia kwenye gari. Angalia mambo matatu.

La kwanza ni kitobo cha kupunguza oili. Mahali fulani kwenye njia ya kuingia au kutoka lazima kuwe na kitobo chembamba, chenye upana wa milimita 1 hadi 1.5 hivi. Kitobo hicho ndicho kinachozuia filta isinyonye presha ya injini. Bila hicho, injini ikiwa ya moto na iko mizunguko ya chini, presha inaweza kushuka hadi beringi zikose oili.

La pili ni mipira. Iwe imetengenezwa kwa oili ya moto na presha. Oili ya injini inayowashwa asubuhi ya baridi inaweza kufika baa 5 au zaidi, na gari likitembea joto lake huzidi nyuzi 90. Mpira wa maji au wa mafuta ya dizeli hautadumu. Pia usikubali filta ya dizeli ifungwe mahali pa filta ya oili, kwa kuwa haikutengenezwa kwa presha hiyo.

La tatu ni meno ya viungio. Magari mengi ya Kijapani, kama Hilux na Land Cruiser, yana swichi ya presha ya oili yenye meno 28 kwa kila inchi. Seti nyingi za Kimarekani huja na meno 27. Ukiviweka mkononi huoni tofauti, na kiungio huingia mizunguko kadhaa kisha hukaza. Fundi akikilazimisha, kitavuja au kitapasua tundu la injini. Kiungio sahihi huingia kwa vidole bila ubishi.

Jinsi ya kufunga

1. Chagua mahali. Filta ikae juu, imeshikwa kwa boliti kwenye bati imara, mbali na bomba la moshi, tabo na mkanda wa feni. Pawe pia na nafasi ya kuifungua wakati wa kuibadilisha.

2. Pata oili yenye presha. Mahali rahisi ni penye swichi ya presha. Huwekwa kiungio cha T, swichi ikarudishwa upande mmoja na mpira ukaenda upande mwingine. Usikubali swichi iondolewe, kwa kuwa ndiyo inayowasha taa nyekundu ya oili. Usikubali pia T nzito ining'inie kwenye injini, maana mtikisiko wa barabara huikata. Ni bora mpira mfupi utoke kwenye injini, na T ifungwe kwenye bati.

3. Rudisha oili kwenye sampo bila presha. Njia nzuri kwa barabara zetu ni kuirudishia juu, kwenye kifuniko cha kujazia oili kilichotobolewa kikiwa nje ya gari. Kurudishia kwenye nati ya kumwagia oili ni rahisi, lakini kiungio hubaki kimening'inia chini kinasubiri jiwe. Sampo isitobolewe ikiwa kwenye gari, kwa sababu vumbi la chuma litaingia kwenye oili.

4. Tumia gundi ya meno badala ya tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kipande cha tepu kikikatika kinaweza kuziba kile kitobo.

5. Funga mipira kwa klipu kila mahali inapoweza kusugua. Mpira unaogusa ukingo wa bati hutoboka bila kukuonya.

6. Jaza oili, kisha washa. Filta mpya hunywa oili, hivyo uwe na ya kuongeza. Washa bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini mara moja. Ikizima, kagua viungio vyote kwa tochi, zima injini, subiri dakika 10, kisha pima kwa stiki na uongeze hadi alama.

7. Endesha kilomita 20 hivi, kisha kagua tena. Nyumba ya filta iwe ya moto. Ikiwa baridi wakati injini ni ya moto, oili haipiti. Kagua tena baada ya wiki moja.

Oili bado inabadilishwa

Oili ya injini ina dawa ndani yake zinazopambana na asidi, kutu na masizi. Dawa hizo huisha kadiri gari linavyofanya kazi, na filta hairudishi hata tone. Filta pia haitoi dizeli iliyovujia kwenye oili. Kwa hiyo fuata kilomita za kitabu cha gari lako, na kwa vumbi na mizigo mizito fuata zile za mazingira magumu. Migodi na kampuni kubwa za malori huthubutu kurefusha muda kwa sababu hupima oili zao maabara. Asiyepima asirefushe.

Usihukumu kwa rangi pia. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema hata ikiwa nzuri.

Gari linalotembea kilomita 10,000 kwa mwaka, likibadilishiwa oili na filta kwa wakati, halitapata faida kubwa. Linalotembea kilomita 60,000, kila siku kwenye vumbi na mzigo, lina sababu ya kugharamiwa. Kabla ya kuamua, ulizia bei ya filta ya kubadilishia na uhakikishe inapatikana mjini kwenu. Nyumba ya filta bila filta ni chuma tu.

Cha kubeba ndani ya gari

Beba oili angalau lita 2 na kizibo cha chuma chenye meno yanayolingana na tundu la swichi ya presha. Mpira ukipasuka njiani au taa nyekundu ikiwaka, usiseme utafika kijiji kinachofuata. Taa hiyo huwaka presha ikiwa imekaribia kwisha, na beringi zinaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Simama, zima, acha injini ipoe, ondoa kiungio, funga kizibo, jaza oili hadi alama, ndipo uwashe. Taa haitafanya kazi swichi ikiwa nje, kwa hiyo nenda polepole hadi kwa fundi aliye karibu, ukisimama mara kwa mara kupima oili kwa stiki.