Goti Lililouma Usiku

Nikiwa kidato cha tatu, goti langu la kushoto lilikuwa na saa zake. Mchana nilicheza mpira kama wenzangu. Usiku, bweni likishalala, maumivu yalianza juu kidogo ya goti na hayakuniacha hadi alfajiri. Nikimeza aspirini, yanatulia. Matroni aliniambia, "Mwanangu, unakua tu." Zahanati ikasema ni baridi yabisi. Hakuna aliyeuliza kwa nini kidonge cha bei ndogo kilitosha kuzima maumivu makali namna ile, ingawa swali hilo limo katika vitabu vya udaktari tangu kabla wazazi wangu hawajazaliwa.

Mwaka 1935 Henry Jaffe, mtaalamu wa patholojia wa New York, alieleza visa vitano vya uvimbe wa mfupa alioupa jina la osteoidi osteoma. Si saratani, wala hausambai mwilini. Kiini chake kwa kawaida hakifiki sentimita 2. Huwapata zaidi vijana, na mara nyingi huota katika mfupa wa paja au wa muundi, ile miwili inayokutana gotini. Siri ya aspirini ilifunguka baadaye: mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba dawa hiyo huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu. Kiini cha uvimbe huu huzitoa kwa wingi.

Lakini kuujua ugonjwa si kuuona. Kwa miongo mingi tiba ilikuwa kupasua. Kiini kidogo kama punje ya mahindi hufunikwa na mfupa mgumu unaoota kukizunguka, na daktari akiogopa kukiacha alikata kipande kikubwa kuliko kilichohitajika. Mfupa ulidhoofika, mgonjwa akatembelea magongo kwa wiki kadhaa, na wengine wakawekewa chuma. Karibu na goti hatari ilizidi, kwa sababu gegedu likiumia haliponi vizuri, na kijana anayekua ana sehemu ya kurefusha mfupa papo hapo.

Kilichopunguza jeraha ni picha. Katika miaka ya 1950, Allan Cormack, mwanafizikia aliyefanya kazi Cape Town, alianza kutafuta hesabu za kuuona mwili kwa ndani kutoka pande nyingi. Tarehe 1 Oktoba 1971, mashine ya CT ya Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel. Sasa kiini kilionekana mahali pake hasa, tabaka kwa tabaka.

Mwaka 1992, Daniel Rosenthal na wenzake wa Boston walichapisha taarifa ya njia mpya. Mgonjwa hupewa nusu kaputi au ganzi, sindano hupenyezwa hadi kwenye kiini kwa kuongozwa na picha za CT, kisha mawimbi ya redio hukipasha joto hadi nyuzi 90 hivi kwa dakika chache. Kiini hufa, mfupa unabaki. Mwaka 1998 walilinganisha njia hizo mbili: uvimbe ulirudi kwa viwango vinavyokaribiana, lakini waliopasuliwa walilala hospitali karibu siku 5 kwa wastani, na wa sindano hawakufikisha hata siku moja.

Mimi nilipasuliwa, zaidi ya miaka 20 baada ya taarifa ile ya Boston. Mahali nilipotibiwa sindano hiyo haikuwapo, na kovu langu lina urefu wa kidole. Simlaumu daktari aliyeishika kisu. Aliniondolea maumivu, na usiku ule ule nililala. Kinachoniuma ni miaka miwili iliyotangulia. Mashine ya CT ni ghali, na sindano ile pia. Lakini kumuuliza mtoto kama goti linamuuma zaidi usiku, na kama aspirini inamtuliza, hakuhitaji hata umeme.