Kanumba: Tulijaa Leaders kumzika, nani anatunza kazi zake?

Aprili 7 ni Siku ya Karume, siku ya mapumziko ya kumkumbuka Rais wa kwanza wa Zanzibar aliyeuawa mwaka 1972. Tangu mwaka 2012 tarehe hiyo imebeba msiba wa pili. Usiku wa kuamkia Jumamosi ile, katikati ya Ijumaa Kuu na Pasaka, mwigizaji Steven Charles Kanumba alifia nyumbani kwake Sinza Vatican, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28. Kila ikifika tarehe hiyo picha zake hurudi kwenye simu zetu, na watu huanza kusimuliana walikuwa wapi taarifa ilipowafikia: aliyekuwa kwenye basi la mkoani, aliyekuwa anarudi mkesha wa kanisani, aliyedhani ni uzushi wa magazeti ya udaku akaendelea kukaanga maandazi yake.

Nayapenda masimulizi hayo, lakini yananipa wasiwasi. Mengi yanahusu kifo. Mwombe shabiki akueleze msiba, atakueleza saa nzima bila kuchoka. Mwombe akutajie filamu kumi za Kanumba kwa mpangilio, atakwama kwenye ya tano. Mtu huyu aliishi kwenye runinga na kwenye kanda kwa takribani miaka kumi tu, na ndani ya miaka hiyo aliigeuza kazi ya kuigiza Tanzania kutoka jambo la kujitolea jioni hadi kuwa ajira ya maelfu. Hiyo ndiyo historia inayotupotea huku tukilia.

Alizaliwa Shinyanga, Januari 8, 1984. Akasoma Bugoyi, akaendelea na sekondari Mwadui, kule kwenye mgodi wa almasi, kisha akaja Dar es Salaam na kumalizia masomo Jitegemee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akajiunga na Kaole Sanaa Group.

Vijana wa leo hawawezi kujua Kaole ilikuwa nini. Ilikuwa zama ambazo mtaa mzima ungeweza kuwa na runinga mbili au tatu. Tamthilia ya Kaole ikikaribia kuanza ITV, watoto tulijazana sebuleni kwa mwenye runinga, wengine dirishani, tumevua ndala mlangoni, na mama mwenye nyumba anatuhesabu kwa jicho. Pale ndipo tulipowajua akina Muhogo Mchungu, Bi Hindu, Mzee Kipara, Bishanga, Nora, Swebe, Richie, Dr. Cheni, Johari na Ray. Na pale ndipo alipojitokeza kijana mrefu mwenye kifua kipana na sauti ya upole, aliyeweza kulia machozi ya kweli bila kujifunika uso. Jahazi, Dira, Zizimo, Tufani, Gharika, Baragumu: majina hayo bado yanawasisimua watu waliokuwa watoto wakati ule. Umaarufu ulikuwa mkubwa, mfuko ulikuwa mtupu. Msanii aliyetambuliwa na kila abiria ndani ya daladala alikuwa amesimama humohumo ndani ya daladala, ameshika bomba.

Ili kuelewa alichofanya baadaye, ni lazima tuingie kibanda umiza. Mzee mmoja aliyekuwa na kibanda cha kuonyesha video Manzese ndiye aliyenifungua macho katika hili, na nakiri kwamba ninaitazama historia hii kwa macho yake. Yeye hana habari na tuzo wala uhakiki wa magazeti. Kipimo chake ni benchi. Benchi likijaa, filamu ni nzuri.

Anasema mabenchi yake yalijazwa kwanza na Wahindi, Wachina na Wamarekani, hasa pale filamu zilipokuwa na sauti ya Lufufu. Huyo ni Derek Gaspar Mukandala, fundi wa kutafsiri filamu kwa Kiswahili juu ya picha, mtu aliyeweza kumfanya mpiganaji wa Hong Kong atukane kama kijana wa Tandale. Halafu wakaja Wanaijeria, na wakajaza benchi kuliko wote. Akina mama ambao hawakuwahi kukanyaga kibandani walianza kutuma watoto wakaazime kanda. Majumba ya kifahari ya Lagos, wakwe wakali, waganga, ndoa zinazovunjwa na pesa. Yote hayo yaligusa mambo waliyoyajua wenyewe. Waigizaji wetu nao walikuwa wameanza kutoka kwenye runinga na kuingia kwenye kanda za kuuzwa. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, ilikuwa imeonyesha kwamba Mtanzania anaweza kutoa pesa mfukoni kumnunua Mtanzania mwenzake. Lakini bei ya jina ilikuwa Nigeria.

Hapo Kanumba akafanya jambo ambalo wenzake walikuwa wanaliongelea tu vijiweni. Alimfuata Mnaijeria kwake. Mwaka 2006 ilitoka Dar 2 Lagos, mtayarishaji akiwa Mtitu Game, mwongozaji akiwa Mnaijeria Femi Ogedegbe, na ndani yake akiwemo Mercy Johnson, binti aliyekuwa ameanza kung'ara kwao baada ya The Maid. Yule mzee wa Manzese anasimulia siku alipoiweka kwa mara ya kwanza kana kwamba anasimulia fainali ya kombe. Watu walikuwa wamezoea kumwona Mercy Johnson upande ule wa dunia na Kanumba upande huu. Walipowaona ndani ya fremu moja, kibanda kizima kilipiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyesikia walichokuwa wanaambiana, ikabidi arudishe kanda nyuma. Aliionyesha mfululizo mpaka ikaanza kukwaruza.

Tunaweza kubishana juu ya ubora wa filamu ile. Sauti yake ina kasoro na hadithi inazungukazunguka. Lakini baada yake mlango ulikuwa wazi. Ikafuata She Is My Sister, ikafuata The Lost Twins, Nkiru Sylvanus naye akafanya kazi na Kanumba, na miaka michache baadaye Ramsey Nouah, nyota mkubwa wa Nigeria wa kizazi kile, akaigiza naye katika Devil Kingdom. Mtoto wa Shinyanga akawa anasimama na watu ambao dada zetu walibandika picha zao ukutani, na hakuonekana mdogo mbele yao.

Pamoja na mafanikio hayo ukaja ugomvi, nao ulikuwa wa lugha. Tazama majina ya filamu zake: Cross My Sin, Red Valentine, Young Billionaire, Hero of the Church, The Shock, Deception, This Is It. Kiswahili kimejaa ndani, kwenye kasha ni Kiingereza kitupu. Waandishi wa safu, walimu wa fasihi na wapenzi wa Kiswahili walimshukia. Walisema anaiga Wanaijeria mpaka kwenye majina, anaikana lugha iliyomlea Kaole, anawauzia Waswahili bidhaa yenye nembo ya kigeni. Mwaka 2009 moto huo ulipata petroli alipoalikwa Afrika Kusini kwenye jumba la Big Brother Africa. Bara zima lilikuwa linatazama, naye akazungumza Kiingereza alichokuwa nacho. Nyumbani ikawa kicheko. Watu ambao hawajawahi kualikwa popote walimcheka kwa wiki nzima kwenye vijiwe, kwenye mitandao na kwenye kurasa za udaku.

Katika ugomvi huu mimi niko upande wa Kanumba, na sioni sababu ya kuuma maneno. Hoja ya Kiswahili ilikuwa na uzito, na natamani filamu zake zingekuwa na majina ya kwetu. Lakini waliomcheka hawakuwa wanakitetea Kiswahili hata kidogo. Walikuwa wanamcheka kijana aliyesoma shule zilezile tulizosoma sisi, zenye walimu wachache na vitabu vya kugombania, halafu akathubutu kwenda mbele za watu na alichopewa. Angekaa Sinza asingechekwa. Yeye alichagua kwenda, na aliporudi hakujificha. Aliendelea kutoa filamu, na filamu zake ziliendelea kuvuka mipaka hadi Bujumbura, Kigali, Goma na Lubumbashi, ambako watu walimpenda kwa Kiswahili chake hichohicho cha ndani ya kasha.

Ugomvi mwingine ulikuwa wa kuuza magazeti: Kanumba na Ray. Mtaani ilikuwa lazima uchague upande. Walitoka pamoja Kaole, waliigiza pamoja na Irene Uwoya katika Oprah mwaka 2008, na hata hivyo kila wiki kulikuwa na kichwa cha habari kwamba hawasalimiani. Nisingeupa nafasi zaidi ya hiyo. Ushindani wao ulitufaa sisi watazamaji, kwa sababu kila mmoja alipotoa filamu mwenzake hakulala.

Ninachokipenda zaidi mimi ni Kanumba wa mwaka 2010, yule wa This Is It na Uncle JJ. Kufikia wakati huo alikuwa na kampuni yake, Kanumba The Great Film, na alikuwa ameamua kuwapa watoto nafasi ambayo sinema zetu hazikuwa zimewapa. Hanifa Daudi, maarufu Jennifer, na Othman Njaidi, maarufu Patrick, hawakuwekwa pale kupamba sebule. Wanabeba hadithi. Mtazame Kanumba anavyosimama mbele yao: mwili wote ule mkubwa unalegea, mabega yanashuka, anainama mpaka usawa wa macho yao na kuwasubiri wamalize kusema kabla hajajibu. Waigizaji wengi wa zama zile walikuwa wanasubiri zamu yao ya kupaza sauti. Yeye alikuwa anasikiliza. Watoto wa nchi nzima wakaanza kumwita Anko, na wengi wa waliolia Aprili 2012 walikuwa hawajafika darasa la saba.

Kuhusu kifo chenyewe, yaliyothibitika yanatosha. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha mtikisiko wa ubongo. Mwigizaji mwenzake, Elizabeth Michael, maarufu Lulu, alishtakiwa, na Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 2, ambacho alikimaliza nje kwa huduma za jamii. Uvumi wa Freemason uliozuka baada ya msiba, uliochochewa na jina la Devil Kingdom, ulikuwa ukatili kwa familia, na wanaourudia kila Aprili wangefaa kuacha.

Mazishi yalikuwa Jumanne, Aprili 10, 2012. Rais Jakaya Kikwete alikuwa amekwenda nyumbani kwa marehemu kuwapa pole wafiwa. Viwanja vya Leaders Club vilifurika tangu asubuhi. Makamu wa Rais, Dk. Mohamed Gharib Bilal, alikuwepo, na mama Salma Kikwete pia. Watu walipanda juu ya miti na kuta, wengine walizimia na kubebwa juujuu kupelekwa kwa watoa huduma ya kwanza, na shughuli ya kuaga mwili ilibidi ikatizwe kwa sababu umati haukudhibitika tena. Kutoka Leaders hadi makaburi ya Kinondoni barabara ilikuwa vichwa vitupu. Ray, yule aliyesemwa kuwa adui, alikuwa miongoni mwa waliozidiwa na kilio. Dar es Salaam haikuwa imewahi kumzika msanii kwa namna ile.

Filamu za Ndoa Yangu na Love and Power zilitoka akiwa kaburini. Baada ya hapo soko la Bongo Muvi likaanza kupungua nguvu. Wizi wa kazi ulizidi, mashine za kusomea diski zikaenda stoo, watu wakahamia kwenye simu. Tamthilia zikarudi kwenye runinga kupitia chaneli kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, na sura mpya zikazaliwa huko.

Na kazi za Kanumba ziko wapi? Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anayetaka kuandika juu yake ataanzia YouTube, kwenye nakala zilizokatwa vipandevipande, zenye nembo za watu wasiojulikana katikati ya picha na majina ya waigizaji yaliyofutwa. Mtindo wa soko la wakati ule ulikuwa mtayarishaji kumuuzia msambazaji filamu kwa mkupuo, achukue pesa aanze nyingine. Nakala mama zikaenda na msambazaji. Mama yake, Flora Mtegoa, amekuwa akionekana kaburini mwaka baada ya mwaka, huku filamu za mwanawe zikiendelea kuwaingizia pesa za matangazo watu ambao hawakuwahi hata kubeba taa kwenye seti yake.

Nchi hii inajua kutunza vitu ikiamua. Tunatunza ngoma, mikuki na magari ya viongozi. Bodi ya Filamu ipo, COSOTA inayosimamia hakimiliki ipo, kituo kilichorusha Kaole kipo, na wasambazaji wengi wa zamani bado wako mjini. Wakae meza moja, wakusanye nakala mama za filamu zake na kanda za tamthilia za Kaole, wazihamishie kwenye mfumo wa kidijitali, na waweke wazi nani analipwa zinapoonyeshwa. Na wewe msomaji, kama una kanda au diski halisi ya Kanumba kabatini, yenye kasha lake na majina ya walioitengeneza, usiitupe na usimpe mtoto achezee. Ihifadhi mahali pakavu, na siku watakapoanza kukusanya, ipeleke.