Nani analipia jino la mzee? Historia ya pansioni na matibabu huku kwetu bondeni



Siku hizi za karibuni mzee mmoja alinisimamisha kandokando ya barabara hapa Bwegera. Shavu lilikuwa limevimba, na kitambaa amekifunga kuanzia kidevuni hadi utosini. Akaniambia: "Mtoto wangu, wewe unasema kwenye redio. Mimi nilikatwa franga za pansioni miaka ishirini na mbili. Sasa jino linaniua usiku na mchana. Utuulizie: zile franga hazilipii jino?"

Nikamjibu: "Baba, unipe siku chache." Nilienda kusoma sheria na kuuliza wanaojua. Jibu ni hapana, hazilipii. Lakini hiyo hapana haikuanguka kutoka mbinguni. Ina historia yake, na mwenye kuijua hatapoteza makuta yake kwa kununua asiyoyahitaji.

Tuanze wakati wa Wabelgiji. Zamani hizo mfanyakazi akiugua, aliyepaswa kumtibisha ni bwana wa kazi. Kampuni kubwa za migodi, reli na mashamba zilijenga zahanati na hospitali zao, si kwa huruma tu, bali kwa sababu mtu mgonjwa hafanyi kazi. Matibabu yalikuwa sehemu ya kazi, kama vile posho na nyumba ya kambini. Mzee aliyemaliza kazi alirudi kijijini, na hesabu yake na zahanati ya kampuni ikawa imekwisha. Mwaka 1956 ndipo utawala wa kikoloni ulipotoa amri ya kuanzisha kasha la pansioni kwa wafanyakazi wa Kongo na Ruanda-Urundi. Kasha hilo lilihusu franga za uzeeni. Halikuhusu dawa.

Uhuru ukaja. Tarehe 29 Juni 1961 Leta iliunganisha makasha ya zamani ikaunda INSS, jina ambalo wazee wetu wengi wanalikumbuka mpaka leo. INSS ilibeba mizigo mitatu: pansioni, ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, na posho za familia. Mzigo wa nne, yaani matibabu ya kila siku kwa mtu aliyeugua kama wanavyougua watu wote, haukuwekwa humo. Uliachwa mabegani mwa bwana wa kazi, kama zamani.

Ndivyo ilivyo hadi sasa. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mwajiri anapaswa kumpa mfanyakazi na familia yake matibabu ya mganga, ya upasuaji, dawa, kulazwa hospitalini, na meno pia yametajwa. Kwa hiyo jino la mfanyakazi lina mwenyewe. Shida ni kwamba jambo hilo limefungwa kwenye mkataba wa kazi. Siku mkataba unapoisha, jino linabaki bila baba. Na mtu hufika kwenye retreti katika umri uleule ambao meno huanza kulegea. Wafanyakazi wa kudumu wa Leta, wao wana sheria yao ya peke yake, hawamo katika hiyo.

Mwaka 2016, tarehe 15 Julai, ilitoka sheria mpya ya hifadhi ya jamii, na mwaka 2018 INSS ikageuzwa kuwa CNSS. Kwa sheria hiyo umri wa pansioni ni miaka 60, kwa mwanamume na mwanamke. Mtu awe amechangiwa angalau miezi 180, ambayo ni miaka 15. Kwa ajili ya pansioni, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 5 nyingine. Watumishi wa Leta waliwekewa kasha lao, CNSSAP, kwa amri ya Desemba 2015. Mzee wetu wa miaka ishirini na mbili ana miezi 264 ya kukatwa, kwa hiyo upande wa miezi hana deni. Lililobaki kwake ni kuhakikisha kwamba alizokatwa zilifika kweli kwenye kasha. Hata zikiwa zimefika zote, atapokea franga za kula. Kadi ya hospitali haimo.

Huku kwetu vita viliongeza shida juu ya shida. Mwaka 1996 kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama, na maelfu ya watu waliokitegemea wakabaki mikono mitupu. Tarehe 6 Oktoba mwaka huohuo hospitali ya Lemera, kule milimani, ilishambuliwa, na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Daktari wake mkuu, Denis Mukwege, alikuja kuanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999. Basi katika mwaka mmoja bonde lilipoteza mwajiri mkubwa na hospitali kubwa. Utaratibu uliosema "bwana wa kazi atakutibisha" ulivunjika kwa sababu bwana wa kazi mwenyewe hakuwepo tena. Tangu hapo mgonjwa hulipa mwenyewe, akiwa amesimama mbele ya dirisha la kasha la hospitali.

Je, watu walikaa tu wakitazama? Hapana. Mwaka 1986, huko Bwamanda katika Ekwateri, hospitali na wakaaji walianzisha utaratibu wa kuchanga mapema: familia inatoa kidogo kila mwaka, na mtu akilazwa analipa asilimia 20 tu ya gharama. Ndiyo mutuelle iliyojulikana kuliko zote nchini. Baadaye Kivu ya Kusini nayo ilipata mutuelle zake, nyingi zikisaidiwa na ofisi za afya za kanisa Katoliki. Walimu wa Leta walipata ya kwao, iliyoanzia Kinshasa mwaka 2011. Tarehe 8 Februari 2017 ikatoka sheria ya kuongoza mutuelle zote.

Sasa tufike kwenye jino. Kwa nini mutuelle nyingi hukunja uso zikisikia meno? Tufanye hesabu ya mfano. Watu 100 wanatoa kila mmoja franga 1,000 kwa mwezi. Kashani mna franga 100,000. Mwezi huo mama mmoja akipasuliwa, kasha linamsaidia na wengine 99 hawaoni uchungu. Lakini wakija watu 40 wa kung'oa meno, kila mmoja kwa franga 5,000, zinatakiwa 200,000. Kasha limekufa. Asiransi inafanya kazi vizuri pale ambapo bahati mbaya inampata mmoja kati ya wengi. Jino bovu humpata karibu kila mtu, na wengi hujiandikisha siku shavu limekwisha kuvimba.

Tusidhani ni umaskini wa Kongo tu. Uingereza ilianza matibabu ya bure kwa wote tarehe 5 Julai 1948, na meno yalikuwemo. Watu walijaa kwa waganga wa meno kupita hesabu zote za serikali. Mwaka 1951, hata miaka mitatu haijatimia, serikali ikaamua kwamba anayetaka meno ya bandia alipe sehemu ya gharama. Waziri Aneurin Bevan, aliyeuanzisha utaratibu huo, alijiuzulu kwa hasira. Marekani walianzisha bima ya serikali ya wazee, Medicare, mwaka 1965, na matibabu ya kawaida ya meno wakayaacha nje tangu mwanzo. Hadi leo mzee wa kule anayetaka meno yatunzwe mara nyingi hununua bima ya pili juu ya ile ya serikali. Familia zenye ndugu waliopelekwa kule kutoka kambi za wakimbizi wanalijua jambo hili: bima hizo za pili mara nyingi zina kikomo cha fedha kwa mwaka, na kwa kazi kubwa, kama meno ya bandia, mtu huenda akangoja miezi kabla haki yake haijaanza.

Na kwetu, Leta imeanza safari nyingine. Mwezi Septemba 2023 bima ya afya kwa wote ilizinduliwa Kinshasa, ikianza na uzazi wa bure na matunzo ya mtoto mchanga. Kuanzia na mama na mtoto si kosa, wanaofiwa bondeni humu wanaelewa. Lakini mzee wa retreti ajue kwamba zamu yake kwenye foleni bado, na zamu ya meno iko nyuma ya yake.

Kwa hiyo ndugu zangu wastaafu, mtu akija kwenu na daftari la mutuelle au asiransi ya kuongeza, msitoe franga kabla ya kumuuliza haya:

Je, meno yameandikwa kwenye orodha, au yanasemwa kwa mdomo tu? Kama yameandikwa, ni kung'oa peke yake, au kuziba na meno ya bandia pia? Mnalipa asilimia ngapi, na kikomo cha mwaka ni franga ngapi? Nitangoja miezi mingapi? Mzee wa miaka 70 anapokelewa? Mna mapatano na kituo gani chenye mganga wa meno, na nitafika huko kwa nauli ya kiasi gani? Asiransi inayolipia jino Bukavu, huku njia imefungwa, haijamsaidia mtu wa Bwegera.

Ninyi mliohama, ongezeni moja: kadi hii inapokelewa mahali nilipo sasa, au kule nilikotoka tu? Na karatasi za kazi, namba ya CNSS, barua ya uteuzi, hata kipande cha zamani cha malipo, msiziache kwenye nyumba. Zipigeni picha kwenye simu, picha mmtumie mtoto aliye mji mwingine. Nyumba inaweza kuungua, ila ushahidi wa miezi 180 usiungue nayo.

Kama majibu si mazuri, kuna njia ya wazee wa zamani: likirimba la watu kumi au kumi na tano wanaojuana, kila mmoja na kidogo chake kwa wiki, kwa ajili ya meno tu. Si asiransi kamili, lakini halina kurasa zilizofichwa.

Na tusifanye mchezo: shavu likivimba pamoja na homa, mdomo ukashindwa kufunguka au kumeza kukawa shida, hilo si jambo la kungoja likirimba. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuua. Mpelekeni mgonjwa hospitalini siku hiyohiyo.

Mzee wangu nilimrudia na majibu haya. Nilimkuta jino limekwisha ng'olewa, watoto wake wamechanga, mmoja ameuza kuku wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Kumbe tulikuwa na haki ya meno wakati bado tuna meno," akasema. "Wakati ule hakuna aliyetuambia. Basi wewe uwaambie hawa wanaofanya kazi sasa."

Nimewaambia, baba.