Kura ya Jina la Mji: Habari za Mwaka 1916 na Funzo Lake kwa Mtaa Wetu



Katika mikutano ya mwaka huu neno moja limerudi mara nyingi mbele ya halmashauri: je, jina la mtaa wetu libadilishwe, na kama litabadilishwa, je, lipigiwe kura? Wako walionena ya kuwa kura humaliza kila ugomvi, kwani wahenga wamesema, wengi wape. Wako pia walionena ya kuwa jina ni urithi, na urithi haupigiwi kura. Kabla shauri hili halijakatwa, tumeona vema kuwawekea wanachama habari za mji mmoja wa ng'ambo uliopita katika njia hiyo hiyo, ili tujifunze kwa waliotutangulia.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi mitaa ya Nairobi ilivyopata majina yake. Kariokor ni neno la Kiingereza lililogeuzwa na vinywa vya watu wetu, nalo lakumbusha kikosi cha wapagazi wa vita vya mwaka 1914 hadi 1918, ambamo Waafrika kwa makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Shauri Moyo ulikaliwa na watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Mitaa ya Mbotela na Ofafa yakumbusha viongozi wawili, Tom Mbotela aliyeuawa mwaka 1952 na Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Tena baada ya Uhuru, Delamere Avenue iliitwa Kenyatta Avenue, na mji wa Fort Hall ukaitwa Murang'a. Majina mengine yalitoka midomoni mwa watu, mengine yalitoka kwa wakubwa. Lakini wakazi hawakuitwa kuyapigia kura.

Sasa twende Kanada. Katika jimbo la Ontario palikuwa na mji ulioitwa Berlin, tangu mwaka 1833. Walioujenga walikuwa wakulima wa madhehebu ya Mennonite kutoka Pennsylvania, kisha wakaja mafundi na wafanya biashara kutoka Ujerumani yenyewe. Mji ulistawi kwa viwanda vya samani, ngozi, vifungo na mpira, na mwaka 1912 ukapewa cheo cha jiji. Zaidi ya theluthi mbili za wakazi wake walikuwa wa asili ya Kijerumani, nao waliishi kwa amani chini ya bendera ya Uingereza.

Vita vilipoanza mwaka 1914, jina lililokuwa fahari likawa mzigo. Mwezi wa Agosti mwaka huo vijana waliing'oa sanamu ya Kaisari Wilhelm I katika bustani ya mji wakaitupa ziwani. Wenye viwanda walilalamika kwamba bidhaa zenye jina la Berlin zilikataliwa na wanunuzi. Mwezi wa Februari 1916 askari wa kikosi kilichoandikishwa mjini humo walivamia jumba la chama cha Wajerumani na kuharibu vyombo vyake. Na mwezi uliofuata wakamkamata mchungaji mmoja wa Kilutheri wakamburuta njiani. Hali ilikuwa hiyo watu walipoitwa kupiga kura.

Kura ya kwanza ilipigwa tarehe 19 Mei 1916. Swali lilikuwa moja tu: jina libadilishwe ama lisibadilishwe? Waliotaka libadilishwe walikuwa 1,569, na waliokataa walikuwa 1,488. Tofauti ilikuwa kura 81. Wanachama na wapime jambo hili: katika watu zaidi ya 3,000, kama watu 41 tu wangegeuza nia, mji ungebaki na jina lake. Tena wako waliokaa nyumbani siku ile kwa kuwaogopa askari, na hofu yao haikuhesabiwa mahali popote.

Baada ya hapo ilibidi jina jipya litafutwe. Orodha ya kwanza ya majina ilichekwa, kwa kuwa mengi yalikuwa ya kubuniwa, hayana asili wala maana. Kisha, tarehe 5 Juni 1916, Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, alizama pamoja na meli yake karibu na Scotland, na jina lake likaongezwa katika orodha. Mwishoni mwa Juni wakazi waliwekewa majina sita: Kitchener, Brock, Adanac, Benton, Corona na Keowana. Adanac ni jina la Kanada lililosomwa kinyumenyume. Jina la Berlin halikuwemo.

Safari hii waliopiga kura walikuwa 892 tu. Kitchener lilipata kura 346, Brock 335, na yale mengine manne yakapata 48 kwa jumla. Kura 163 ziliharibika. Basi jina lilishinda kwa kura 11, wala halikupata nusu ya kura zilizopigwa. Tarehe 1 Septemba 1916 mji ukaitwa Kitchener, na hata leo waitwa hivyo.

Mtu huyu si mgeni katika historia ya pwani yetu. Mwaka 1885 Kitchener alikuwa mjumbe wa Uingereza katika tume iliyopima mipaka ya milki ya Sultani wa Unguja, na mapatano ya mwaka 1886 yalimwachia Sultani ukanda wa maili kumi kandokando ya bahari. Wenyeji wa nchi hizo hawakuulizwa neno. Twaona basi kwamba jina la mtu aliyekata mipaka bila kuwauliza wenyeji lilipewa mji mwingine kwa njia ya kura.

Je, kura ile ilimaliza ugomvi? Haikumaliza. Katika uchaguzi wa baraza la mji wa Januari 1917 waliopinga jina jipya ndio waliopata ushindi, na fujo zikatokea mjini, ingawa jina halikurudishwa. Wala asili ya watu haikufutika kwa kufuta jina: tangu mwaka 1969 mji huo umejulikana kwa sherehe za Kijerumani za Oktoberfest.

Lakini tusiseme kwamba kura ni mbaya daima. Huko Ujerumani ya Mashariki, mji wa Chemnitz uliitwa Karl-Marx-Stadt kwa amri ya serikali tarehe 10 Mei 1953. Mwaka 1990 wakazi waliulizwa wachague kati ya jina hilo na lile la kale, nao asilimia 76 wakachagua Chemnitz. Hapo hapakuwa na askari wa kuwatisha, majina yote mawili yaliwekwa mbele ya watu, na wengi walikuwa wengi kweli kweli. Jina la kale likarudi tarehe 1 Juni mwaka huo huo.

Kwa hiyo halmashauri yawaomba wanachama wayatafakari mambo manne kabla ya mkutano mkuu. Kwanza, kura isipigwe wakati wa hasira, kwani hasira hupita na jina hubaki. Pili, jina la sasa liwemo katika karatasi ya kura tangu mwanzo hadi mwisho, ili asiyetaka mabadiliko apate mahali pa kutia alama yake. Tatu, tukubaliane mapema ni wingi gani utakaotosha. Sisi twaona wingi wa kura moja au mbili hautoshi kwa jambo litakalowabeba wajukuu wetu. Nne, wapangaji, akina mama na vijana waitwe wote, si wenye nyumba peke yao, maana kila mkazi huandika jina la mtaa huu katika barua zake.

Wahenga walisema, jina jema hung'aa gizani. Jina la mtaa wetu lina kasoro zake, nasi twazijua. Lakini katika jina hilo wazazi wetu walizikwa na watoto wetu wakaandikishwa shule. Kama wengi watataka jina jingine, na walipate, mradi walipate mchana kweupe, na yule aliyeshindwa aweze kulitaja bila uchungu. Kura itakayomwacha jirani akiwa adui itakuwa imetupunguzia mtaa wenyewe, hata kama imetupatia jina zuri.