Kufika Kimamba kwa Kupitia Ulaya

Ukitoka Mikumi kwenda Kilosa unapita Ulaya. Sitanii. Ni kijiji, na kondakta anauliza "Ulaya kuna wa kushuka?" bila hata kutabasamu. Mwezi uliopita nilishuka basi la Mbeya pale Mikumi, nikapanda gari dogo la kwenda Kilosa, mkobani nikiwa na kadi moja iliyochakaa niliyoachiwa na mama: kipande cha babu.

Wasomaji wenzangu tunapenda habari za uhamiaji. Tangu Abdulrazak Gurnah apate Nobel mwaka 2021, na riwaya yake kututokea kwa Kiswahili kama Peponi, kila tunapokutana tunazungumzia watu waliovuka bahari. Sawa kabisa. Ila babu mzaa mama hakuvuka bahari. Alivuka nchi hii hii kwa treni mwaka 1951, kutoka Kigoma hadi Kimamba, akaishi ugenini zaidi ya miaka hamsini.

Alikuwa manamba. Neno lenyewe limetokana na namba waliyopewa vibarua wa mkonge. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU, iliyoanza 1944, na Kigoma ilikuwa moja ya maghala yake. Walter Rodney na wenzake, Tambila na Sago, waliliandikia kitabu jambo hili mwaka 1983. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na kijijini fedha ilikuwa adimu. Basi vijana wakapanda treni.

Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Ukimaliza sehemu yako unatiwa alama. Usipomaliza, siku hiyo haihesabiki, hata kama mgongo umekatika. Babu alisema miiba ya mkonge aliizoea ndani ya wiki mbili. Asichokizoea ni chakula. Alikulia kwenye mawese na dagaa wa ziwani; kambini akapewa posho ya unga na maharage. Alipopata kiwanja chake, kitu cha kwanza kupanda kilikuwa mchikichi. Majirani walimcheka: huu mnazi gani mfupi hivi?

Mkataba ulipoisha, alitakiwa arudishwe kwao. Hakupanda gari. Alikuwa ameshampata bibi, Msagara wa hapo hapo, na hapa ndipo penye utamu wa habari. Kwa Waha mtoto ni wa baba. Kwa Wasagara mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo babu alizaa watoto sita ambao, kwa desturi ya pale, walikuwa wenyeji tangu siku ya kwanza, wana shamba na wajomba, huku yeye mwenyewe akibaki "yule Muha". Kaka zake wa Kigoma walipopata habari walimwambia amewazalia watu wengine. Nadhani maneno hayo yalimuuma kuliko mkonge wote. Hakuwahi kutufundisha Kiha. Mama alijua "mwakeye" tu, na alikuwa akiitumia kututania asubuhi tukichelewa kuamka.

Mkonge nao ukaanguka. Mwaka 1967 serikali ikachukua mashamba mengi, nyuzi za plastiki zikaua bei, na babu akashika jembe la mahindi kwenye ardhi ya wakwe zake.

Alifariki 2003. Ndugu wa Kigoma wakataka mwili upelekwe kwao. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka wakubwa wakibishana uani usiku kucha, wengine wakihesabu nauli, wengine heshima. Alfajiri ukoo wa bibi ukasema: huyu katuzalia, tunampa mahali. Wa Kigoma hawakuja mazikoni, na mpaka leo hatujawahi kutembeleana. Siwalaumu. Kwao alipotea mwaka 1951, na hata maiti hawakuipata.

Mjomba alinipeleka kaburini. Saruji imepasuka, ila mchikichi bado upo nyuma ya nyumba na watoto wa jirani huchuma ngazi zake. Nilimpa ile kadi. Akaisoma namba kwa sauti, polepole, kisha akauliza kama jina la baba yake halikuandikwa popote. Liliandikwa, upande wa nyuma. Karani alikosea herufi mbili.